Miji ya pampu moja: Maisha baada ya pamba kando ya Mto Tana

MSAFIRI atokaye Malindi kuelekea Garissa hufika kwenye njiapanda ya Minjila, ambapo barabara ya Garsen na Lamu hukata kulia, naye akaendelea kaskazini kuelekea Hola na Bura. Kutoka hapo Mto Tana huwa upande wake wa kulia, ingawa mara nyingi hauonekani. Anachokiona ni nchi kavu, vichaka vya miiba, mbuzi, ngamia na vibanda vya njiani.

Kisha mandhari hubadilika. Hutokea mfereji ulionyooka kana kwamba umepigwa kwa rula, barabara ndogo za udongo zinazokutana kwa pembe mraba, na vijiji ambavyo wenyeji hawavitaji kwa majina tu bali pia kwa namba: kijiji cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nyumba zimepangwa kwa safu. Mgeni huweza kudhani kuwa amefika kwenye makao ya wafanyakazi wa kiwanda fulani.

Dhana hiyo haiko mbali na ukweli. Hola na Bura ni miji iliyoanzishwa kama vile miji ya viwanda ianzishwavyo, na imeonja yale yale yaliyoipata miji ya viwanda iliyodorora.

Tunapotaja kudorora kwa miji ya namna hiyo, fikira za wengi huenda ng'ambo. Mji wa Detroit nchini Marekani, uliotegemea utengenezaji wa magari, ulikuwa na wakazi zaidi ya milioni 1.8 mwaka 1950. Kufikia 2020 walikuwa wamesalia takriban 640,000. Humu nchini tunayo mifano yetu. Ramisi, Kaunti ya Kwale, ilipoteza kiwanda chake cha sukari mwaka 1988. Webuye ilinyamaza kiwanda cha karatasi kilipofungwa mwaka 2009. Kisumu haijasahau kiwanda chake cha nguo, Kicomi.

Ni wachache wanaoitia Tana River katika orodha hiyo, kwa sababu haikuwa na bomba la kutoa moshi angani. Hata hivyo, mji wa kiwanda hautambuliwi kwa moshi. Hutambuliwa kwa mambo matatu: mwajiri mmoja, bidhaa moja na mtambo mmoja unaoendesha yote. Hola na Bura mwajiri alikuwa mradi wa serikali, bidhaa ilikuwa pamba, na mtambo ulikuwa pampu iliyovuta maji kutoka mtoni.

Mtambo ulipozimika, mji ulibaki. Makala haya yanaeleza namna hali hiyo ilivyotokea, na kwa nini bado inawahusu maelfu ya watu wanaolala leo katika nyumba zilizojengwa kwa ajili ya kazi iliyokoma.

Mfereji uliochimbwa na wafungwa

Historia ya mashamba ya Hola ilianza mwaka 1953, wakati serikali ya kikoloni ilipofungua hapo mradi wa majaribio wa kunyunyizia mashamba maji. Nguvu kazi haikuwa ya kuajiriwa. Ilikuwa ya wafungwa wa Mau Mau, waliopelekwa katika kambi ya Hola kwa sababu ilikuwa mbali na nyumbani kwao na kuzungukwa na nyika.

Mnamo Machi 3, 1959, wafungwa waliokataa kufanya kazi ya shuruti katika mradi huo walipigwa kwa marungu na askari wa kambi. Kumi na mmoja walifariki. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo ulipofichuka, kelele zilizozuka katika Bunge la Uingereza ziliutikisa utawala wa kikoloni. Baadaye mji huo ulikuja kuitwa Galole, jina ambalo limesalia kuwa la eneo bunge.

Uhuru ulipopatikana, mifereji haikufukiwa. Sheria ya mwaka 1966 iliunda Bodi ya Kitaifa ya Unyunyiziaji Maji, nayo ikapewa mashamba ya Hola pamoja na yale ya Mwea na Perkerra. Wafungwa waliondoka, wakaingia wakulima waliopewa vipande vya ardhi chini ya usimamizi wa meneja. Pamba ikawa zao la fedha.

Utaratibu ulikuwa wa kiwanda hasa. Meneja aliamua zao gani lipandwe na lini. Trekta za mradi zililima, mbegu na dawa zilitolewa kwa mkopo, na maji yalifunguliwa kwa zamu. Pamba ilipouzwa, gharama zote zilikatwa kwanza, na mkulima akapokea kilichosalia. Hivyo basi, ingawa aliitwa mkulima, maisha yake yalifanana zaidi na ya kibarua wa kiwandani kuliko ya jirani yake Mpokomo aliyelima mpunga na ndizi ukingoni mwa mto kwa kufuata mafuriko.

Bura, mji uliochorwa ofisini

Kama Hola ilikuwa jaribio, Bura ilikusudiwa kuwa ushahidi kwamba jaribio limefaulu. Mwaka 1977 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi mkubwa kaskazini mwa Hola, huku wafadhili wengine kutoka Ulaya wakijiunga. Lengo lilikuwa kunyunyizia maji hekta 6,700 na kuzipa makao familia 5,150 zisizo na ardhi kutoka sehemu mbalimbali za Kenya.

Huu haukuwa mradi wa mashamba pekee. Ulikuwa mji mzima. Ramani ilionyesha vijiji vya wakulima, kituo kikuu chenye nyumba za wafanyakazi, shule, zahanati, barabara, maji ya nyumbani na kiwanda cha kuchambua pamba. Walowezi wa kwanza waliwasili mwaka 1981.

Wengi wao walitoka nyanda za juu zenye baridi. Walifika mahali ambapo mvua ya mwaka mzima aghalabu haizidi milimita 400, ambapo joto la mchana huwafungia watu kivulini, na ambapo malaria iliwashambulia watoto ambao miili yao haikuwa imeizoea. Miaka ya kwanza ya Bura inakumbukwa kwa pamba, lakini pia kwa makaburi madogo.

Nyumba walizopewa zilifanana. Zilipangwa karibu karibu ili iwe rahisi kufikisha huduma, ilhali shamba la mtu lingeweza kuwa mwendo mrefu kutoka mlangoni pake. Kwa mhandisi, mpango huo ulikuwa na mantiki. Kwa mama aliyetaka kufuga kuku, kupanda sukuma wiki nyuma ya jiko na kulilinda shamba lake dhidi ya nguruwe mwitu, ulikuwa mtihani wa kila siku.

Gharama zilipanda na udongo wa sehemu kadhaa ukaonekana kuwa na chumvi nyingi. Mradi ulipunguzwa. Mwishowe ni takriban hekta 2,500 tu zilizotengenezwa, na familia zilizohamishiwa huko zilizidi 2,000 kwa idadi ndogo. Mji uliochorwa kwa ajili ya watu wengi ukawa na watu wachache, lakini gharama ya kuutunza haikupungua kwa kiasi hicho.

Siku pampu iliponyamaza

Katika michoro ya awali, Bura ilitarajiwa hatimaye kupata maji kwa mteremko: mto ungezuiwa kwa ukuta mahali palipoinuka, na maji yangetiririka yenyewe mferejini. Ujenzi huo uliahirishwa kwa sababu ya gharama. Badala yake zikawekwa pampu za dizeli huko Nanighi, kwa matumizi ya muda.

Muda huo ukawa miaka, na miaka ikawa miongo.

Pampu ya dizeli hudai mambo mawili bila huruma: mafuta na vipuri. Vyote viwili vilitoka mbali na vilihitaji fedha taslimu. Fedha zilitegemea pamba, na pamba ilitegemea maji ya pampu ile ile. Mduara huo ukikatika mahali pamoja, wote hukatika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati sekta ya pamba nchini ilipokuwa ikiyumba, wakulima wakicheleweshewa malipo na soko la nguo likianza kufurika mitumba, mduara wa Bura ulikatika.

Hola yaliyoikuta yalikuwa ya ajabu zaidi. Mwaka 1989 Mto Tana ulibadilisha mkondo wake na kuuacha mdomo wa pampu ukitazama mchanga. Mashine haikuwa imeharibika. Hakukuwa na mgomo wala ukame. Mto ulihama tu, kama ambavyo umehama mara nyingi katika tambarare hiyo.

Wapokomo na Waorma hawakuhitaji kuambiwa na mtaalamu kwamba mto huu huhama. Vijiji vya zamani vya Wapokomo vilijengwa kwa vifaa vinavyoweza kuachwa au kubebwa, na mashamba yao yaligawanywa kwa mikanda inayotoka ukingoni kuelekea bara ili kila ukoo upate ardhi ya juu na ya chini. Waorma nao walikuwa na malka, yaani njia za kupitishia mifugo hadi majini, zilizotambuliwa na pande zote mbili. Ujenzi wa aina hiyo ulimpa mto ruhusa ya kusonga. Mfereji wa saruji haukumpa.

Kijiji kisicho na kazi

Je, nini hutokea katika makao ya kazi pindi kazi inapokwisha?

Kwanza, maji ya nyumbani hukosekana. Bura mfereji haukuwa wa mashamba pekee. Maji ya kunywa na kufulia yalitoka humo humo. Pampu ilipozimika, mwanamke aliyezoea maji ya karibu alirudi kwenye punda na madumu, akielekea mtoni ambako mamba huwa hawatangazi kuwapo kwao. Ama mfereji ulipokuwa na maji, nayo hayakuwa salama daima: Hola ilijulikana kwa muda mrefu miongoni mwa watafiti wa kichocho, ugonjwa unaopendelea maji yaliyotulia.

Pili, vijana huondoka. Wengine walikwenda Garissa, Malindi na Mombasa. Waliobaki walichanganya riziki: kuchoma makaa, kufuga mbuzi, kufungua kibanda, kulima kipande kidogo ukingoni mwa mto kwa makubaliano na wenyeji. Wapo waliorudi walikotoka. Lakini walio wengi hawakuwa na pa kurudi, kwani waliletwa Bura kwa sababu hawakuwa na ardhi.

Tatu, mimea huchukua nafasi ya watu. Hapa ndipo jina la mathenge linapoingia.

Waliopanga Bura walihofia, tena kwa haki, kwamba maelfu ya walowezi wangekata msitu mwembamba wa kando ya mto kwa ajili ya kuni. Msitu huo ni makao ya aina mbili za kima wasiopatikana kwingine duniani. Kwa hiyo ilianzishwa miradi ya kupanda miti ya kuni, na miongoni mwa miti iliyoletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni huu wenye asili ya Amerika, ambao Wakenya waliubandika jina la mathenge. Huvumilia chumvi na kiangazi, hukua haraka, na mbegu zake husafiri ndani ya matumbo ya mbuzi na juu ya maji ya mafuriko.

Shamba lilipoachwa, mathenge iliingia. Mfereji ulipokauka, iliingia. Miiba yake hutoboa magurudumu ya baiskeli na kwato za mifugo, na mbuzi anayekula maganda yake matamu kwa wingi huharibika meno. Mti ulioletwa kuwa msaidizi wa mji ndio uliougubika. Hata hivyo, tusiwe wachoyo wa ukweli: makaa na nguzo za mathenge zimelisha familia nyingi katika miaka ambayo pamba haikuwalisha.

Nyumba isiyo na hati

Lililo zito kuliko yote halionekani kwa macho. Ni karatasi.

Chini ya kanuni za mwaka 1977 zilizosimamia mashamba ya serikali ya unyunyiziaji, mkulima hakuwa mmiliki wa ardhi wala nyumba. Alikuwa na leseni. Leseni hiyo ilimtaka aishi hapo, alime kama alivyoagizwa na kuitunza nyumba. Hakuruhusiwa kujenga jengo jingine bila idhini ya meneja, na hata mifugo aliyoweza kufuga iliwekewa mipaka. Akikiuka masharti, leseni ingefutwa.

Kanuni kama hizo zina maana pale ambapo mwenye mradi anatimiza wajibu wake wa kuleta maji. Lakini maji yalipokatika kwa miaka mingi, masharti ya mkulima hayakukatika pamoja nayo. Watu waliendelea kukaa katika nyumba wasizoweza kuziuza, kuziweka rehani wala kuziendeleza kwa imani. Nani ataweka paa jipya juu ya nyumba isiyo yake? Nani atapanda mwembe mahali anapoweza kuondolewa kwa barua?

Hii ndiyo siri ya uchakavu ambao mpita njia huuhesabu kuwa uvivu.

Kwa upande mwingine, wapo Waorma, Wapokomo na Wawardei wanaokumbuka kwamba ardhi hiyo ilitengwa kutoka malisho na mashamba yao, na kwamba baadhi ya malka zilizibwa na mifereji. Kwao, kumpa mlowezi hati ni kuhalalisha hasara yao. Kwa mtoto aliyezaliwa Bura mwaka 1985, ambaye sasa ni mzazi, kunyimwa hati ni kuambiwa kwamba hana kwao. Wote wawili wana hoja, na hakuna pampu inayoweza kuitatua.

Garsen na kingo za mpunga

Tukirejea kusini, Garsen inatupa mfano tofauti. Garsen haikujengwa na mradi. Ni mji wa kivuko na njiapanda, mahali ambapo barabara za Malindi, Lamu na Garissa hukaribiana na mto. Mfugaji huuza ng'ombe, mvuvi huleta kambare na kamongo, mkulima huleta embe na ndizi, na dereva wa lori hununua chai. Biashara moja ikilala, nyingine huwa macho.

Hata hivyo, jirani yake, upande wa pili wa mto huko Gamba, mamlaka ya TARDA iliyoundwa mwaka 1974 ilianzisha mradi wa mpunga kwa mkopo wa Japani. Kingo za udongo zilijengwa kuyazuia mafuriko. Wakazi wa vijiji kama Hewani, Wema na Kulesa waliona mashamba na malisho yao yakigeuka kuwa shamba kubwa la serikali. Kisha mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikazibomoa kingo, na sehemu kubwa ya shamba ikalala kwa miaka mingi.

Mwaka 2008 likaja pendekezo la kupanda miwa katika hekta zipatazo 20,000 za delta, kwa ushirikiano wa TARDA na kampuni ya sukari ya Mumias. Wakazi na watetezi wa mazingira walikimbilia mahakamani. Miwa haikupandwa, na Mumias yenyewe iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Tafakari, msomaji, delta ingekuwa na sura gani leo kama vijiji vyake vingekuwa vimefungwa kwenye kamba ya kiwanda hicho.

Ardhi kugawanywa na kugawanywa tena bila maafikiano kumeacha makovu. Mwaka 2012 mapigano kati ya Wapokomo na Waorma katika delta yaliua watu zaidi ya 100. Sababu zilikuwa nyingi, siasa ikiwamo, lakini maji na malisho vilikuwa katikati. Mwaka huo huo delta iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa.

Kabla ya kuwasha tena

Hola na Bura hazikuachwa zife kabisa. Tangu miaka ya 2000 mifereji imekuwa ikifufuliwa, mahindi ya mbegu yakachukua nafasi kubwa iliyokuwa ya pamba, na katika miaka ya 2010 ulianza ujenzi wa mfereji wa kuleta maji Bura kwa mteremko, yaani ule mpango ulioahirishwa tangu mwanzo. Sheria mpya ya mwaka 2019 iliigeuza bodi ya zamani kuwa mamlaka ya kitaifa.

Haya ni mambo ya kushukuru. Maji yanayotiririka yenyewe hayadai dizeli. Hata hivyo, mfereji mpya ukiingia katika mji ule ule wa zao moja, mnunuzi mmoja na nyumba zisizo na mwenyewe, utakuwa umebadilisha injini ya gari bila kutazama magurudumu.

Yapo maswali matatu ambayo kila mradi kando ya Tana, mkubwa au mdogo, ungepaswa kuyajibu hadharani kabla ya jiwe la msingi kuwekwa. La kwanza: mto ukihama, au ukifurika kama ulivyofanya 1961, 1997, 2018 na 2023, mji utafanya nini? La pili: zao likikosa soko, wakazi watakula nini kingine hapo hapo walipo? La tatu: anayelala ndani ya nyumba ana haki gani juu yake, na jirani aliyepoteza malka au shamba amefidiwa vipi?

Mtoto wa kijiji chenye namba huko Bura hana habari za vikao vya mwaka 1977. Anachojua ni kwamba maji yakija mferejini, baba hulima, na yasipokuja, baba husafiri. Waliochora mji wake walimpa barabara zilizonyooka. Wanaoufufua leo wana deni la kumpa jambo ambalo ramani ya kwanza ilisahau: sababu ya kubaki hata siku ambayo mtambo utanyamaza.